Milima Yote, Mimi Simo

Kama na wewe daktari amekuvutia kiti chake karibu kabla hajasema neno, basi haya nimekuandikia wewe. Wengine wasome wakipenda. Habari nzuri daktari huisemea kule kule nyuma ya meza yake. Ukiona ameizunguka meza, shika moyo.

Mimi si mtu wa kalamu. Shule niliiacha darasa la tatu, nikaenda kulima vibarua kwenye mashamba ya watu, na kila nilicho nacho leo, kahawa, mashine ya kusaga, nyumba ya matofali ya kuchoma, kimetoka kwenye mikono hii. Sikurithi hata jembe. Sisemi hivyo kwa kujisifu, ingawa kujisifu nako najisifu. Nasema ili ujue kwamba aliyeogopa katika habari hii si mtu wa kuogopa ovyo. Nimewahi kumtoa chatu kwenye banda la nguruwe kwa mpini wa jembe. Lakini ugonjwa huu ulinifanya niogope kioo cha kunyolea.

Nianze na kamera, maana bila kamera ugonjwa wangu sitaweza kuueleza.

Pale Mbinga mjini palikuwa na jamaa mwenye studio. Simu za kupiga picha zilipoingia, wateja walimkimbia, akafunga, akaanza kuuza vyombo. Nilikwenda kununua kabati lake la vioo nikarudi na kamera. Mke wangu, Winfrida, aliniuliza kabati liko wapi. Nikamwambia kabati gani, tazama hiki. Alinuna mpaka Jumapili. Jumapili baada ya misa nikamchukua pamoja na binti yetu Osmunda, ambaye ni fundi cherehani mjini, tukapanda mgongo wa mlima ulio nyuma ya nyumba yetu, na tangu siku hiyo ikawa ndiyo kazi yetu ya Jumapili.

Kule juu unaona ngolo za majirani zote. Ngolo ni yale mashimo tunayochimba sisi Wamatengo kwenye mteremko, yamepangana kama sega la nyuki, ili mvua isiondoke na udongo. Jua likianza kulala, kila shimo linajaa kivuli chake, na mlima mzima unakuwa kama umefumwa. Siku hewa ikiwa safi, mbali kabisa magharibi, Ziwa Nyasa linang'aa kama bati jipya. Mimi nashika kamera, Osmunda anashika stendi ya miguu mitatu upepo usiiangushe, na Winfrida, aliyekuja na chupa ya chai na viazi, ndiye anayeamua. Anatazama wingu, anatazama kivuli, anasema bado. Anasema bado. Halafu anasema, "Sasa." Nikibonyeza kabla hajasema, picha inakuwa haina kitu. Sijui jicho hilo alilipata wapi, maana yeye na kamera hawakuwa wamejuana.

Mara moja kila mwaka, kahawa ikishauzwa, tulishuka mpaka Lituhi kupiga picha ziwa. Watu walitucheka. Mzee mzima anapiga picha mlima aliouona tangu kuzaliwa, mlima wenyewe hauhami. Na zaidi walicheka kwamba picha zangu hazina watu. Hiyo ilikuwa sheria yangu. Mtu akiingia kwenye picha, anaharibu mlima. Watoto wakikimbilia mbele ya lenzi nawafukuza. Osmunda akisema baba simama pale nikupige, nakataa. Ukuta wa sebule yangu ukajaa milima, mabonde na maji, na mwenye nyumba hayumo.

Sasa ugonjwa.

Ilikuwa msimu wa kuchuma kahawa, baridi ile ya ukungu. Nilikuwa nanyoa ndevu barazani, wembe ukapanda kilima shingoni ambacho jana yake hakikuwepo. Nikakibonyeza. Hakiumi. Laiti kingeuma. Kitu kinachouma kina adabu, kinabisha hodi. Nilisema ni jino. Zahanati wakanipa vidonge. Mdogo wangu, Gebhardi, akasema si jino wala nini, ni macho ya watu, watu wameiona mashine yangu ya kusaga wakachukia. Kahawa ilipokuwa juu ya vichanja inakauka, vilima vilikuwa vimeongezeka, kimoja kwapani. Shuka nikiamka nalo limelowa kama nimelala mvuani. Mkanda wa suruali nikautoboa tundu jipya kwa msumari, halafu jingine.

Wakanikata kipande cha nyama shingoni, wakakipeleka mbali kupimwa, wakaniambia nisubiri majibu. Watu wanadhani kuogopa ni wakati wa majibu. Hapana. Kuogopa ni kusubiri. Moshi wa kuchoma mashamba ulikuwa umetanda, ziwa halionekani, na kila Jumapili tulipanda mlimani kama kawaida, nikapiga picha, zikatoka zimeinama. Hata Winfrida alikuwa hasemi tena bado wala sasa.

Majibu yakatupeleka hospitali kubwa ya mbali, safari ya basi ya kutwa nzima. Huko ndiko daktari, binti mdogo kuliko Osmunda, alikoniamkia shikamoo mzee, akaizunguka meza, akavuta kiti. Alisema ni saratani ya tezi. Osmunda akauliza kama inatibika. Daktari akasema dawa yake ipo, ni dripu sita, na wengi inawasaidia, ila yangu ilikuwa imeshatembea mwilini kwa hiyo hawezi kuniahidi. Mimi nilisikia hilo la mwisho tu. Huko nyuma kote sikusikia kitu. Osmunda ndiye aliyenisimulia baadaye, kwenye basi, mara tatu, kama mtu anayemlisha mtoto.

Nikwambie habari ya benchi. Pale pa kusubiria kuna mabenchi ya mbao, na kila mgonjwa akiitwa, wote mnasogea. Hamsimami, mnasogea tu mmekaa, mpaka mbao imekuwa laini na inang'aa kwa suruali na vitenge vya watu. Ukutani kuna televisheni, picha zinakwenda, sauti hakuna. Kila mtu anamtazama mwenzake shingo, mguu, titi, anapima nani ana hali mbaya zaidi, halafu anaona haya. Mimi nilizoea watu wanisubiri mimi mashineni. Pale nikajifunza kusogea. Na kila niliposogea nilitamani aliye mbele achelewe, maana mwisho wa benchi kuna mlango.

Dripu ya kwanza ilikuwa na dawa nyekundu kama juisi ya rozela. Nilipokwenda haja ndogo nikaona wekundu ule ule. Nikajua natoka damu, nikajua nakufa, na sikumwambia mtu. Nilikaa na siri hiyo safari nzima ya basi, nikijibana tusiposimama na nikijibana tuliposimama. Tulipofika nyumbani Winfrida ndiye aliyeniuliza kama mkojo umekuwa mwekundu, nesi alikuwa amemweleza yeye. Basi kama wewe bado hujaambiwa, mimi nakuambia: ni dawa. Inapita.

Asubuhi ya pili nikatoka nje na fimbo, nikasikia panga. Gebhardi alikuwa kwenye makaburi yetu anafyeka. Alikuwa amesafisha na sehemu iliyo wazi, pembeni ya baba. Nilisimama nyuma ya mgomba nikimtazama. Ilikuwa mwisho wa Oktoba, siku ya Marehemu Wote inakaribia, kila Mkatoliki wa kijiji hiki alikuwa anafyeka makaburi. Mimi mwenyewe nafyeka kila mwaka. Lakini hebu waza mwenyewe, umetoka kwenye dripu, unamkuta mdogo wako anasafisha sehemu isiyo na mtu.

Toka hapo nikaanza kuona dalili kila mahali. Ndugu wakaja kutoka Ukata na jogoo. Wakaja kutoka Mapera na jogoo mwingine. Wanakaa, wanasema pole, wananitazama kama mnunuzi anavyotazama kahawa ambayo haijakauka: anajua uzito utashuka. Wakitoka nje wanaongea na Winfrida kwa sauti ya chini, kwa Kimatengo cha zamani, kana kwamba mimi Kimatengo nimekisahau kwa ugonjwa.

Dripu ya pili, wakati wa kupanda mahindi, nywele zilibaki kwenye mto. Nyusi nazo. Mdomo ulichubuka ndani, ugali ukawa na ladha ya msumari. Kwa wiki nzima kitu pekee kilichoshuka kilikuwa uji wa ulezi uliopoa, Winfrida akikaa mbele yangu na bakuli hata haniambii nile. Aliimba tu nyimbo za kwaya kwa sauti ya puani, mpaka bakuli linaisha. Ukimpata mtu wa kukaa hivyo bila kukuambia ule, mshike.

Ya tatu ndiyo iliyonipiga. Vidole vilikufa. Havikuoza, vilikuwepo, vina rangi nyeusi kwenye kucha, lakini ukivigusisha kitu havikupi habari. Vifungo vya shati nikafungwa na binti yangu. Na Jumapili baada ya Krismasi, tulipopanda mlimani, polepole, nikipumzika kila baada ya mawe machache, niliinua kamera nikashindwa kujua kama kidole kiko juu ya kitufe au pembeni. Nikampa Osmunda. Nikamwambia piga wewe, leo mimi nimechoka. Nikakaa juu ya jiwe, blanketi mabegani, mvua ilikuwa imeosha hewa na ziwa lilionekana mpaka milima ya ng'ambo.

Nikasikia kamera inalia. Nikageuka. Lenzi ilikuwa inanitazama mimi.

Hapa lazima nieleze kwa msomaji wa mbali. Kwetu, mtu akifa, jeneza halitangulii peke yake. Mbele kuna mtu anabeba msalaba, na mwingine anabeba picha ya marehemu kwenye fremu, ameikumbatia kifuani, uso unatazama watu. Picha ile ndiyo inayobaki ukutani. Na mimi nimekaa kwenye vikao vingi vya misiba, najua picha inavyotafutwa. Jirani yetu mmoja hakuwa na picha, tukachukua ya kadi ya kupigia kura, studio wakaikuza mpaka uso ukawa kama majivu. Watu waliofika kaburini waliuliza tunamzika nani. Tangu siku hiyo ukoo ukawa na busara: mgonjwa akianza kuelekea kubaya, mtu mwenye simu hujifanya anapita kumjulia hali. Hakuna anayesema kwa nini. Na mgonjwa naye haulizi.

Mimi niliuliza. Osmunda akatazama chini. Winfrida ndiye aliyejibu, amesimama pale na chupa yake ya chai.

"Nilimtuma mimi. Umepiga milima yote ya Mbinga, Baba Osmunda, na wewe humo hata mmoja. Ukifa leo tubebe mlima mbele ya jeneza?"

Miaka yote hiyo ya ndoa sikuwahi kumwona akilia na kukasirika kwa pamoja. Nilimwamuru Osmunda aifute ile picha, naye akaifuta huku nikitazama kioo kile kidogo cha nyuma ya kamera, na kabla haijapotea nikaona nilivyo. Blanketi, na juu yake kichwa kama yai. Sikumfahamu yule mtu. Ndipo nikaogopa kweli kweli. Siku zote nilikuwa nimemwogopa daktari, na damu, na Gebhardi na panga lake. Sasa niliona kwamba watu wangu mwenyewe, wanaonilisha na kunifunga vifungo, wameshafika mbele yangu njiani na wananisubiri.

Tulishuka nyumbani. Kamera nikaifungia kabatini.

Dripu ya nne ilifuata katika mvua kubwa, basi likakwama kwenye tope na wanaume wote wakashuka kusukuma isipokuwa mimi. Nilikaa ndani na akina mama na kuku. Nilipofika nikawa na homa. Damu ilikuwa imeshuka, mwili hauna askari, daktari akaagiza nilazwe. Winfrida alikuwa amenipakia mfuko, na chini kabisa ya mfuko, chini ya taulo, ameweka kamera. Nilipoiona nikairudishia taulo juu.

Kitanda cha jirani alikuwepo mzee mwenzangu, Oswini, mfanyabiashara wa usipa wa Lituhi. Usipa ni vile visamaki vyetu vya Nyasa vya kuanika mchangani. Tumbo lake lilikuwa limejaa maji, miguu imekwisha, lakini mdomo ulikuwa mzima. Aliposikia natoka milimani akaniita mtani siku ile ile, akaniuliza kama ni kweli Wamatengo tunaoga mvua ikinyesha tu. Nikamwambia bora mvua kuliko kunuka samaki mpaka misani. Nesi akatugombeza tunacheka na homa.

Mchana mmoja akasema amelikumbuka ziwa. Nikatoa kamera, nikamwonyesha picha za Lituhi: ufuko, mitumbwi imepumzika, vichanja vya usipa, maji. Alizitazama moja moja, kwa muda mrefu, pumzi inapiga filimbi. Halafu akanirudishia.

"Mtani, kwetu kumeingia tauni? Watu wamekwenda wapi?"

Nikamweleza sheria yangu. Akasema sheria hiyo ni ya mtu mwenye mashine, asiyetaka watu wamguse vitu. Mitumbwi ile mitatu aliwajua wenyewe, na wake zao, na nani alikuwa anakunywa pombe nyuma ya ule wa bluu wakati mimi nikipiga picha na kudhani pako tupu. Kisha akaomba msaada wa kukaa. Nesi akamwegemeza kwa mito miwili. Akadai shati lake la Jumapili, akadai kitana, ingawa nywele alikuwa nazo chache kama mimi.

"Nipige sasa ningali na sura," akasema. "Nikipona nitaichana nikucheke."

Nilitaka kukataa. Sikuwahi kumpiga mtu picha, na yule alikuwa anajua kabisa anaomba nini. Lakini utamkatalia vipi mtu aliyekwisha vaa? Nikainua kamera. Kidole hakikuwa na habari, basi nikakitazama kwa macho, nikakiona kinashuka juu ya kitufe kama natazama kidole cha mtu mwingine. Hapakuwa na Winfrida wa kusema sasa. Oswini mwenyewe ndiye aliyesema. Alinionyesha meno yake yote yaliyobaki.

Alifariki kabla homa yangu haijashuka. Wakavuta pazia, wakalifungua, kitanda kimetandikwa. Nililala nikitazama shuka lile jeupe lililonyooshwa, na mwili mzima ukaniambia wa pili ni wewe. Kwenye wodi ile ndipo nilipofika chini kabisa. Kama uko hapo sasa, sina dawa ya kukupa. Nilishika chuma cha kitanda nikahesabu vigae vya dari mpaka chai ilipokuja. Chai ilikuja. Hicho tu.

Binti yake Oswini alikuwa koridoni anauliza watu kama kuna mwenye picha ya baba, maana nyumbani ipo ya harusi tu, na hiyo ni ya kijana asiyejulikana kwa wajukuu. Osmunda alikuwa amekuja kuniona. Akachukua kadi kwenye kamera, wakaenda wote wawili mjini kuisafisha. Baadaye sana, nimesharudi nyumbani, yule binti akatutumia kwenye simu picha ya mazishi. Ulikuwa ufuko ule ule. Mitumbwi ile ile, ule wa bluu umo, mchanga ule ule niliousubiri siku nzima uwe mtupu. Sasa umejaa watu mpaka majini, na mbele yao wote, kifuani kwa binti yake, Oswini anacheka.

Nilimrudishia Osmunda simu. Nikaiomba tena. Winfrida alikuwa anachambua maharage. Nikamwambia ile ndiyo picha nzuri kuliko zote za Lituhi, na sikuipiga mimi. Akasema anajua.

Dripu ya tano na ya sita sizikumbuki vizuri. Ninachokumbuka ni kwamba watu walikuwa wanachimba ngolo mpya, naona majembe yakipanda na kushuka mteremkoni, na kwa mara ya kwanza tangu nipate akili, shamba langu lilichimbwa na wengine. Gebhardi alisimamia. Alichimba vibaya. Sikumwambia.

Halafu kipimo kikubwa, kile cha kulazwa ndani ya mtambo wa duara. Na benchi tena. Na mlango. Yule daktari alizungumza akiwa nyuma ya meza. Nilimwangalia miguu muda wote nione kama atainuka. Akasema vile vilima havionekani. Akasema hasemi kwamba vimekwisha milele, anasema havionekani, nirudi baada ya miezi mitatu, na mingine mitatu, na hivyo hivyo. Osmunda akalia. Mimi niliuliza swali moja tu, kama vidole vitarudi. Alisema labda. Vimerudi nusu: moto vinausikia, kitufe bado nakibahatisha.

Ilipofika baridi, ukungu ukiondoka saa za mchana, tulipanda mlimani watatu. Nilimwambia Winfrida nimeshakubali, ila kwa masharti. Sivai kofia. Siegemei kitu. Na mlima uwemo. Nikakaa juu ya jiwe lile lile, ngolo nyuma yangu mpaka bondeni. Osmunda akachelewa sana na ile lenzi, anageuza, anarudisha. Winfrida akasema bado. Upepo ukapita kichwani kwangu, kichwa kilichoanza kuota manyoya kama kifaranga. Akasema bado. Nilimtazama yeye badala ya kamera, nikaona anavyonitazama, vile anavyotazama wingu.

"Sasa," akasema.

Osmunda akaiangalia kwenye kioo, akakunja uso. Akasema baba, mlima umefifia, nirudie? Ukiweka uso sawasawa, mlima nyuma unakuwa ukungu. Nikamwambia auache hivyo hivyo.

Iko ukutani, katikati ya milima. Wageni wakiingia wanaiona hiyo kwanza.

Sasa nimeshakwenda kupimwa tena na kurudi, na keshokutwa tunaondoka kwa mara nyingine. Mfuko umeshafungwa. Asubuhi hii nimejipapasa shingo. Upande wa kushoto kuna mahali nimepabonyeza sana siku hizi, mpaka sijui kama pamevimba kwa kubonyezwa au pamevimba kwenyewe. Sijamwambia mtu, ila Winfrida ana macho. Ameona mkono wangu unapanda shingoni wakati wa chai, akaniongezea sukari ambayo sikuomba.

Nikaona niseme linalonikaa moyoni. Nikamwonyesha ukutani, nikamwambia mama, likitokea la kutokea, ni hiyo. Msihangaike kutafuta.

Aliisogelea. Akaitazama kwa lile jicho lake, akainamisha kichwa huku na huku.

"Hiyo hapana," akasema. "Umenuna mno. Ukirudi tutapanda tupige nyingine."

Nikamjibu nitarudi. Nilisema kwa sauti kubwa, mpaka Osmunda akatokeza kichwa dirishani kuuliza kuna nini. Winfrida akamwambia hakuna kitu, baba yako anajaribu sauti.